Muhogo Mchungu wa Mwaka wa Njaa

Mgeni anayeteremka kutoka Misungwi kuja hapa Kigongo, akikaa chini kula, mara nyingi atawekewa ugali wa udaga. Ni mweusimweusi, unavutika, na harufu yake humkunjisha uso mtu aliyezoea sembe. Sisi tuliokulia kandokando ya Ghuba ya Mwanza tunauona huo ndio ugali hasa, na ule mweupe ni wa wagonjwa na wa harusini. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba katika kurasa hizi nimekusudia kuutukana udaga. Nataka kueleza ugonjwa mmoja wa mishipa ya fahamu unaotokana na muhogo pale binadamu anapokosa siku za kuutengeneza, kwa maana ugonjwa huo umeishi nyumbani kwetu karibu miaka thelathini, na kwa muda mrefu tuliuita kwa majina yasiyokuwa yake.

Mwenye ugonjwa ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Alizaliwa Tarime akaolewa hapa mwaka 1996. Hutembea kwa ncha za vidole, magoti yakisuguana, akiegemea mkongojo mmoja. Viatu vyake huisha mbele wakati nyuma bado ni vipya. Kuanzia kiunoni kwenda juu hana tatizo lolote linaloonekana. Amezaa watoto wanne, amepika chakula na kukiuza kwenye kivuko kwa miaka mingi, na katika kupiga hesabu ya chenji hunishinda mimi niliyefundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na moja. Kaka alipomleta, wazee wetu walinung'unika kwamba ameleta kilema ndani ya ukoo. Kaka aliwajibu kwa heshima kwamba ameoa mtu, hakuoa miguu. Maneno yakaishia hapo, angalau mbele yake.

Habari za kuumwa kwake alinisimulia yeye mwenyewe, jioni moja tukichambua dagaa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Ukame ulikuwa umekausha mahindi na mtama, na chakula kilichobaki shambani kilikuwa muhogo mchungu. Walikuwa wakiula asubuhi na jioni, mara nyingine kwa maji ya chumvi tu, maana hapakuwa na mboga. Siku moja ya mwaka 1985 alikwenda mbali kuteka maji, akarudi amechoka kuliko kawaida, akalala. Alfajiri alipotaka kuamka, miguu ilimtetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Akajaribu kusimama akaanguka. Kufika mchana hakuweza kusimama kabisa, na ulimi wake ulikuwa mzito kwa siku kadhaa. Hakuwa na homa, wala maumivu makali. Baada ya wiki nyingi alitambaa, kisha akasimama kwa fimbo mbili, kisha moja. Hapo ndipo alipofika, na hajarudi nyuma wala kusonga mbele tangu siku hiyo.

Sasa, kwetu sisi jambo la ghafla namna hiyo haliachwi bila kutafutiwa mwenyewe. Baba yake alikuwa na mke wa pili, kijana, aliyetoka upande wa Sengerema. Siku chache kabla wake hao wawili walikuwa wamegombana kwa ajili ya debe la unga. Mganga aliyeitwa alichukua ng'ombe wawili, kisha akasema mtu aliyeifunga miguu ya mtoto yumo ndani ya boma hilohilo. Yule mke mdogo alifukuzwa na watoto wake wawili, akiwa na mzigo mmoja kichwani. Hospitalini, ambako mtoto alipelekwa baadaye sana, waliandika polio kwenye kadi, wakampa vidonge, wakamrudisha.

Basi ilikuwa hivyo: nyumbani ulozi, hospitalini polio. Miaka ilipita juu ya majina hayo mawili.

Aliyeyaondoa ni mtoto wa pili wa wifi, ambaye alikwenda kusomea udaktari. Mwaka 2021 alikuja likizo na kompyuta yake, ndani yake kikiwamo kitabu cha William Howlett kiitwacho *Neurology in Africa*, kilichotoka mwaka 2012. Huyu Howlett ni daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu aliyefanya kazi miaka mingi KCMC, Moshi. Kijana alimketisha mama yake kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia, akamgonga chini ya kilemba cha goti kwa ubavu wa kiganja. Mguu uliruka kwa nguvu hata ukamgusa kifuani. Akagonga wa pili, nao ukaruka vilevile.

"Shangazi," akaniambia, "hii si polio hata kidogo. Mguu wa polio hulegea na kukonda, na mara nyingi huwa mmoja. Hii ni konzo."

Neno hilo sikuwa nimelisikia. Ni la Kiyaka, lugha ya watu wa Kwango katika Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka yule mganga wa Tarime, kwamba angalau katika kuutaja ugonjwa hakuwa mbali. Alikosea katika kumtaja mfungaji. Daktari aliyeuandika mara ya kwanza, Giovanni Trolli, aliukuta huko Kwango wakati wa Wabelgiji na kuutangaza mwaka 1938. Baada ya hapo ukasahauliwa na ulimwengu wa vitabu, ingawa sina shaka hao waliokuwa wakiutambaa hawakuusahau.

Mwaka 1981 ulizuka kwa kishindo katika jimbo la Nampula, Msumbiji, baada ya ukame. Watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu. Mmoja wa madaktari walioshughulikia mlipuko huo alikuwa kijana wa Sweden aitwaye Hans Rosling, yule ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa mihadhara yake ya takwimu, akafariki mwaka 2017. Wengi waliomsikiliza hawajui kwamba shahada yake ya juu aliipata kwa kuchunguza muhogo na miguu ya akina mama wa Kiafrika. Na mwaka 1990, katika jarida la Kiingereza liitwalo *Brain*, Howlett, Rosling na wenzao, akiwamo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania, walichapisha habari za wagonjwa 39 wa konzo katika nchi yetu. Mlipuko huo ulikuwa wa Tarime, mwaka 1985.

Kijana alipofika hapo aliacha kusoma. Mama yake alikuwa akimenya kitunguu, akaendelea kumenya. Hatimaye akauliza, "Thelathini na tisa? Na mimi nimo?" Hatukuweza kumjibu. Sijui kama alihesabiwa au la, lakini kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona amekuwa mtu mwenye wenzake.

Nieleze sasa jinsi muhogo unavyofanya kazi hiyo, kadiri nilivyoelewa kwa msaada wa huyo mwalimu wangu mdogo. Ndani ya muhogo, hasa ule mchungu, mna kitu kiitwacho linamarini, na kando yake mna kimeng'enya ambacho kikikutana nacho hukivunja na kutoa sianidi, ambayo ni sumu. Muhogo ukiwa mzima shambani, vitu hivyo viwili vimetengwa, kila kimoja chumbani mwake. Ndiyo silaha yake dhidi ya wadudu, na ndiyo sababu hata nguruwe mwitu na wezi huuogopa ule mchungu, jambo ambalo wakulima wetu wanalipenda sana. Ukame unapouuma mmea, sumu huongezeka. Hivyo mwaka ambao hakuna kingine cha kula ndio mwaka ambao muhogo ni mkali kuliko miaka yote.

Mama zetu waliutibu muhogo bila kulijua jina la linamarini. Unauchimba, unaumenya, unauvundika chungu kizima ukiwa umefunikwa majani, siku tatu au nne, hata uote ukungu na kulainika. Katika kuoza huko kuta za vile vyumba hubomoka, kimeng'enya humaliza kazi yake, na sumu huondoka hewani. Kisha unakwangua ukungu, unaumegamega, unauanika juani mpaka ukauke, ndipo uende kinuni au mashineni. Kwingine huloweka majini badala ya kuvundika. Kazi yote huchukua wiki nzima, au zaidi kukiwa na mawingu.

Wiki nzima! Msomaji na ajiulize mwenyewe ni mama gani mwenye watoto watano wanaolia njaa atakayelitazama chungu la mihogo chini ya majani kwa siku nne. Atalifunua siku ya pili. Mwaka wa njaa ukizidi, atalifunua siku ya kwanza, aukate muhogo vipande vidogo, auanike, na jioni ile ile atwange. Huko kusini mwa nchi yetu, ambako ugonjwa ulizuka tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Mtwara na Mbinga, ukame ulikuwa ndio mwanzo, na kufupisha siku kukafuata.

Kuna na jambo la pili. Mwili wenyewe unajua kuiondoa sianidi kidogo kidogo: huigeuza ikawa kitu kisicho kikali sana kiitwacho thiosianeti, kikatoka na mkojo. Lakini ili kuigeuza unahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini nzuri, yaani samaki, nyama, mayai, maharage kwa kiasi. Ndiyo maana sisi wa hapa tumekula udaga tangu utoto na bado tunatembea. Hata baada ya minofu ya sangara kuanza kupanda ndege kwenda Ulaya, tulibaki na dagaa na mapanki. Anayeula muhogo mkavu kwa maji ya chumvi, miezi miwili mitatu mfululizo, hana cha kumtetea. Kisha siku moja, mara nyingi baada ya safari ndefu ya mguu au kazi nzito, zile nyuzi zinazotoka juu ubongoni kushuka katika uti wa mgongo, zinazobeba amri ya kutembea, hupata dhara mara moja na kwa daima. Nyuzi za miguuni ndizo ndefu kuliko zote, nazo huumia zaidi. Misuli haijafa, imekosa mwenye kuituliza, ikabaki imekakamaa. Namna hasa ambavyo sumu huziharibu nyuzi hizo, kama ni sianidi yenyewe au ni vitu vinavyozaliwa nayo, wataalamu bado wanabishana.

Mama mzazi wa wifi, ambaye sote tunamwita bibi, alikuwa amekuja Kigongo kumwangalia mjukuu. Alikuwa ameketi mkekani wakati haya yote yanasemwa. Aliposikia habari ya kulifunua chungu kabla ya siku zake, alishika kidevu. Baadaye akaniita pembeni.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyetwanga."

Ndugu msomaji, hapa ndipo ninapokuwa na neno na wataalamu wetu. Nimeona zaidi ya mara moja mabango na vijitabu vinavyosema ugonjwa kama huu unatokana na "uandaaji duni wa chakula" na kwamba akina mama waelimishwe. Sentensi hiyo ni ya kweli, na bado inapotosha. Uandaaji haukuwa duni. Akina mama hao waliujua kuliko mwandishi wa bango. Kilichopungua kilikuwa siku, na siku zilipungua kwa sababu mvua haikunyesha na ghala lilikuwa tupu. Tangu enzi ya mkoloni watu wetu waliamriwa kulima mihogo kuwa kinga ya njaa, na hakika imewaokoa wengi. Mtu akisema chanzo ni mama, na aendelee hadi kwenye mvua, hadi kwenye bei ya maharage, asikomee jikoni. Nilimwambia bibi kwa maneno yangu kwamba mwaka ule angelifunga chungu siku nne, huenda watoto wasingefika siku ya tano. Alinisikiliza. Sina hakika kama alinikubali.

Swali lake la pili lilikuwa gumu zaidi. "Walikula chungu kimoja watoto sita. Kwa nini huyu?"

Mjukuu wake hakumdanganya. Alimwambia kwamba hilo ndilo wanalolitafuta hivi sasa. Yuko mtaalamu wa Kongo, Désiré Tshala-Katumbay, anayefanya kazi kati ya Kinshasa na Oregon huko Marekani, ambaye pamoja na wenzake wamerudi tena na tena Kahemba, katika Kwango ileile ya Trolli, ambako konzo haijaisha. Mwaka 2021 kundi la wachunguzi lilichapisha matokeo ya kuvilinganisha vijidudu vya tumboni mwa watu wa Kahemba na wa sehemu nyingine za Kongo, ikiwamo Kinshasa, na wakaona dalili kwamba baadhi ya vijidudu hivyo huweza kuivunja linamarini tumboni na kuitoa sumu humohumo. Huenda basi tumbo la mtoto mmoja likawa rafiki na la ndugu yake likawa adui, ingawa wamekula chungu kimoja. Huenda pia mmoja alipata kipande cha samaki kwa jirani. Bibi aliposikia hilo la samaki alicheka kidogo, akasema yule mdogo wao alikuwa mdokozi kweli.

Lakini iko habari moja ambayo kijana hakumwambia bibi. Alinieleza mimi usiku. Mwaka 2013 wachunguzi hao walitoa matokeo ya kuwapima watoto wa Kongo uwezo wa kukumbuka na kufikiri. Watoto wenye konzo walipata alama za chini, na hilo labda lilitarajiwa. Jambo la kushtua ni kwamba hata watoto wasio na konzo, wanaotembea na kukimbia, waliokaa eneo lilelile la ugonjwa, walikuwa nyuma ya watoto wa eneo lisilo na ugonjwa. Mimi niliyesimama mbele ya darasa miaka thelathini na moja sikupata usingizi. Tumezoea kumhesabu aliyelala kitandani na kumpita anayekwenda shule kwa miguu yake, tukimwita mzito.

Dawa ya konzo haipo. Kinga ipo, na ni rahisi kiasi cha kutia uchungu. Mkemia Howard Bradbury wa Canberra, Australia, alionyesha kwamba hata unga ambao umeshasagwa bado una kile kimeng'enya ndani yake, kimelala kwa kukosa maji. Ukiulowesha unga, ukautandaza uwe mwembamba, usizidi unene wa sentimita moja, ukauacha saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iliyobaki huondoka kwa sehemu kubwa. Kisha unasonga ugali siku ileile. Njia hii ilitumika Mtwara, na kati ya 2010 na 2011 ilijaribiwa katika kijiji kimoja cha Popokabaka, Kongo, ugonjwa ukasimama. Wifi aliijaribu kwa unga wa sokoni ambao hamjui aliyeuvundika. Anasema ugali unakuwa mtamu zaidi. Mimi naona umepoteza ile harufu yake, lakini sikubishana naye.

Mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa, kilomita tatu juu ya maji, na vivuko vikanyamaza. Biashara ya chakula pale gatini ilikufa kwa wiki moja. Wifi alihamia kwenye kuuza unga, na katika hilo ana ukali ambao wateja hawaupendi: akiambiwa auze udaga usiotimiza siku, huwaelekeza kwa jirani.

Mwezi uliofuata bibi, ambaye sasa amekaribia miaka themanini, alitaka kuvushwa. Hakusema kwanza anakwenda wapi. Gari ya mjukuu wake ilipita darajani kwa dakika chache, mahali ambapo zamani tungesubiri nusu siku, tukafika kijiji kimoja cha Sengerema, tukaulizia kwa jina la yule mke mdogo wa mwaka 1985. Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Mwanawe wa kwanza, mzee mwenye mvi sasa, alitupa viti chini ya mwembe, akaleta maji. Bibi hakuyanywa. Alieleza habari yote akiwa amesimama, ya chungu, ya siku mbili, ya ukame, akamaliza kwa kusema, "Mwanangu, ulikuwa muhogo."

Yule mzee alikaa kimya, kisha akasema kwamba siku ile wanafukuzwa yeye alikuwa na miaka tisa na anakumbuka vizuri. Mama yake aliwaambia njiani kwamba hata kwa jirani watoto wameanguka, na hata ng'ambo ya mto, na kwamba yeye hawezi kuwa amewaroga wote hao.

"Tukamwuliza sasa ni nini," akasema. "Akasema hajui, ila huko tuendako tusile tena muhogo mpaka apate samaki."